Jina langu limeonekana kwenye tangazo la mikopo. Je, nilikubali?

SWALI: Hujambo Wakili. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja hapa Nairobi. Nina duka dogo la vitambaa na pia ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama. Juzi mwenzangu chamani alinionyesha simu yake. Kulikuwa na tangazo la Facebook la programu ya kukopesha pesa, na juu yake pameandikwa jina langu kamili kwamba naupenda ukurasa huo. Ukiligusa jina, picha yangu ndiyo hiyo. Sijawahi kukopa huko hata siku moja. Ninachokumbuka ni kwamba mwaka jana nililaiki ukurasa wao walipokuwa wakigawa bando za bure. Sasa wenzangu wananiuliza nalipwa ngapi. Nilipoanza kuchunguza nikakuta pia saluni ninakosukwa imeweka video yangu nikiwa kwenye kiti, na inaonekana wameilipia itangazwe. Je, watu hawa wana haki? Naweza kudai malipo? Nianzie wapi?

JIBU: Pole, dada yangu. Naanzia chamani kwa sababu naona ndiko kunakokuuma zaidi. Mweka hazina akishaanza kuulizwa analipwa ngapi na kampuni ya mikopo, hata kama hakuna shilingi ya chama iliyoguswa, kila hesabu atakayosoma itasikilizwa kwa sikio jingine. Akina mama wa chama chako hawaijui ile programu, wanakujua wewe. Jina lako juu ya tangazo lilifanya kazi ya mdhamini. Na mdhamini huulizwa kwanza, akaelezwa anamdhamini nani na kwa kiasi gani, ndipo akatia sahihi. Wewe hukuulizwa. Hapo ndipo jibu langu lote linapozunguka: kukubali kutumia mtandao ni jambo moja, kufanywa mdhamini wa bidhaa ya mtu ni jingine, na idhini ya lile la kwanza haitoshi kwa hili la pili.

Umeniletea kesi mbili, na kisheria hazifanani. Ya saluni ni nyepesi. Ya Facebook ni nzito na ina historia ndefu. Acha nianze na nyepesi.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data, nambari 24 ya 2019, ndiyo iliyoitia haki hiyo meno ilipoanza kutumika Novemba mwaka huo. Ndani yake soma kifungu cha 37, ambacho ningetamani kila mwenye biashara Nairobi akibandike ukutani karibu na leseni ya kaunti. Kinasema hakuna anayeruhusiwa kutumia data binafsi ya mtu kwa manufaa ya kibiashara mpaka awe ameomba na kupata idhini ya wazi ya mwenye data, au awe ameruhusiwa na sheria nyingine iliyoandikwa na mwenye data akajulishwa wakati data hiyo ilipochukuliwa. Uso wako ni data binafsi. Sauti yako pia, na jina lako.

Najua msusi atakavyojibu: “Lakini ulijua tunarekodi, na hukukataa.” Sheria haiuchukulii ukimya kuwa idhini. Tafsiri yake ya idhini inadai iwe ya wazi, ya hiari, mahususi kwa jambo fulani, itolewe na mtu anayeelewa anachokubali, na itolewe kwa kauli au kwa kitendo kinachoonekana. Mtu aliyeketi kichwa kimeshikwa, nusu ya nywele imesukwa na nusu haijasukwa, akaona simu imeelekezwa kwake na asiseme kitu, hajakubali lolote. Na tuseme hata ulitabasamu ukasema sawa, weka kwenye status yako. Kuweka video kwa status ambayo wateja wake wataiona kwa siku moja ni kusudi moja. Kuilipia Facebook iisambaze kwa maelfu ya wanawake wa Nairobi kwa wiki tatu ni kusudi jingine, na linahitaji idhini yake lenyewe. Tena kifungu cha 32 kinamtwika mtumiaji wa data mzigo wa kuthibitisha kwamba aliipata idhini hiyo. Wewe huna kazi ya kuthibitisha kwamba hukuitoa.

Haya si maneno ya vitabuni tu. Mwishoni mwa 2022, Kamishna wa Ulinzi wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza kampuni ya simu ya Oppo Kenya faini ya shilingi milioni 5. Ilikuwa imetumia picha ya mlalamishi kwenye akaunti yake ya Instagram bila ridhaa yake, na ilipoandikiwa ilani ya kurekebisha haikutii. Septemba 2023 klabu ya Casa Vera Lounge ya hapa Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekwenda kujiburudisha. Siku hizo hizo Roma School ya Uthiru ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Tazama ni nani wanaotajwa hapo: kampuni ya simu, klabu, shule. Hizi ndizo biashara zinazotupiga picha kila siku na kuona kwamba zimetupa sifa.

Basi kwa saluni fanya hivi, tena leo kabla ya kumpigia msusi simu. Piga picha za skrini. Hakikisha zinaonyesha jina la ukurasa, tarehe, na lile neno dogo chini ya jina linaloonyesha kwamba tangazo limelipiwa. Halafu ingia kwenye maktaba ya matangazo ya Meta, kampuni inayomiliki Facebook na Instagram. Ni ukurasa ulio wazi kwa kila mtu, hata asiye na akaunti. Tafuta jina la saluni na utaona matangazo yao yote yanayoendelea kwa sasa, pamoja na siku kila moja lilipoanza. Piga picha ya hiyo pia. Nasema leo kwa sababu tangazo la kawaida la biashara kwetu huku hutoweka kwenye maktaba hiyo likishasimamishwa, na nimeona walalamishi wazuri wakibaki mikono mitupu kwa kuwa walianza na ugomvi badala ya ushahidi.

Kisha andika. WhatsApp inatosha, maana inabaki na tarehe. Unaweza kuandika hivi:

“Habari. Mimi ni mteja wenu. Mmeweka video yangu kwenye ukurasa wenu na mmelipia itangazwe. Sikutoa idhini video yangu itumiwe kibiashara kama kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinavyotaka. Naomba muiondoe, mniambie ilitumiwa katika matangazo gani na kwa muda gani, na kama kuna mtu mwingine mliyempa. Nasubiri jibu la maandishi.”

Kwa mujibu wa kanuni za 2021 zilizotungwa chini ya sheria hiyo, ukiomba kujua walicho nacho kukuhusu wanapaswa kukujibu ndani ya siku 7, na ukipinga matumizi au ukiomba kifutwe, ndani ya siku 14. Wakikaa kimya au wakikujibu kwa kiburi, peleka malalamiko kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoko jumba la Britam Tower, Upper Hill. Unaweza kulalamika kwa maandishi au kwa mdomo. Ukieleza kwa mdomo, wao ndio wenye jukumu la kuyaandika. Sheria inataka malalamiko yachunguzwe na kukamilishwa ndani ya siku 90.

Na malipo? Ndiyo, kwa upande huu yapo. Kifungu cha 65 kinampa mtu aliyeumizwa na ukiukaji wa sheria haki ya kufidiwa, na sheria inahesabu hata msongo wa mawazo, si hasara ya pesa peke yake. Kamishna amewahi kuamuru biashara ziwalipe watu malaki ya shilingi kwa kutumia picha zao. Lakini nikuombe jambo moja kama ndugu: msusi mwenye viti viwili si kampuni ya simu. Kama ataiondoa video na kuomba radhi, na wewe bado unataka akusuke, kaeni chini muongee. Haki yako haitapotea kwa kuwa umeanza na heshima.

Sasa tuje kwa Facebook.

Kinachokusumbua kina umri mrefu. Novemba 2007 Facebook ilianzisha mpango ulioitwa Beacon. Ulikuwa ukinunua kitu kwenye tovuti nyingine kabisa, marafiki zako wa Facebook wanapashwa habari. Bwana mmoja Marekani alimnunulia mkewe pete ya almasi kwa siri, na mkewe akaijua pete hiyo, na hata kwamba ilinunuliwa kwa bei ya kupunguzwa, kupitia Facebook. Watu wakashtaki. Mpango ukafungwa 2009 na kampuni ikakubali kutoa dola milioni 9.5.

Haikukoma. Januari 2011 ikaja na kitu kilichoitwa Sponsored Stories, na hicho ndicho babu wa tangazo lililokuletea balaa. Ukilaiki ukurasa wa biashara, biashara inalipa ili laiki yako ionyeshwe marafiki zako kama tangazo, jina lako na picha yako juu. Mark Zuckerberg mwenyewe alikuwa ameshasema hadharani kwamba hakuna kinachomvuta mtu kununua kama neno la rafiki anayemwamini. Walalamishi wa California waliyachukua maneno hayo na kuyapeleka mahakamani dhidi yake: kama neno langu lina thamani hiyo kwako, mbona unaliuza na mimi sipati kitu wala sikuulizwa? Kesi iliishia kwa maafikiano ya dola milioni 20, yaliyoidhinishwa na jaji Agosti 2013. Kila aliyejitokeza kudai alipata dola 15. Watumiaji wa Marekani pekee ndio waliohusika. Mwaka uliofuata jina la Sponsored Stories likaachwa, lakini desturi ya kuambatanisha jina la rafiki na tangazo ikabaki.

Google nayo ilijaribu. Oktoba 2013 ilitangaza kwamba kuanzia Novemba 11 ingeweza kuonyesha jina, picha na maoni ya mtumiaji aliyetimiza miaka 18 ndani ya matangazo. Watu waliochukizwa walibadilisha picha zao za akaunti wakaweka ya Eric Schmidt, mwenyekiti mtendaji wa Google wakati huo, ili kama ni sura ya kuuzia, iwe yake.

Ukisoma masharti ya Facebook leo, yale marefu ambayo sote tuliyakubali kwa kugusa kitufe, utakuta wameandika waziwazi kwamba unawapa ruhusa kutumia jina lako, picha yako ya wasifu na mambo uliyoyafanya kwenye Facebook karibu na matangazo, bila kukulipa. Wanaongeza kwamba jambo uliloficha kwa marafiki wachache hawatalionyesha zaidi ya hao. Ndiyo maana ni mwenzako chamani aliyeliona: ni rafiki yako wa Facebook, na laiki yako ilikuwa wazi kwake. Mgeni wa Kisumu asiyekujua hangeonyeshwa jina lako, na lingemfaa nini?

Je, hapo umekubali? Kampuni itasema umekubali. Mimi nasema hapana, na nasema kama wakili. Idhini inayotakiwa na kifungu cha 37 ni ya wazi na mahususi. Ruhusa ya jumla iliyofichwa kati ya aya za masharti, ambayo usipoikubali huna akaunti, haiwezi kuitwa ya hiari, wala haijui kwamba siku moja itatumika kukufanya usimame upande wa mkopeshaji. Uligusa kitufe ili upate bando. Hukutia sahihi kusema, “Akina mama wenzangu, kopeni hapa.” Kuna siku hoja hii itasimama mbele ya jaji wa Kenya dhidi ya kampuni kubwa, na ninaamini itasimama vizuri.

Usiambiwe pia kwamba Facebook iko mbali mno na sheria zetu. Kifungu cha 4 cha sheria ile ile kinamgusa hata mtumiaji wa data asiye na makao Kenya, maadamu data anayoishughulikia ni ya watu walioko Kenya. Na mahakama zetu zimeshaonyesha haziogopi. Februari 2023, Mahakama ya Ajira na Leba ilikataa hoja ya Meta kwamba haiwezi kushtakiwa hapa. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono msimamo huo. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo katika kesi nyingine. Kesi hizo zilihusu wafanyakazi waliokagua machapisho na madhara yaliyotokea Ethiopia, hazikuhusu matangazo. Lakini mlango ni huo huo.

Hata hivyo sitakudanganya kuhusu pesa. Kwa Facebook yenyewe, usikae ukingojea malipo. Faini ya juu kabisa ambayo Kamishna anaweza kutoza ni shilingi milioni 5, au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Mwaka 2023 Meta iliingiza takriban dola bilioni 135, na karibu bilioni 132 kati ya hizo zilitokana na matangazo. Shilingi milioni 5 inamuumiza mwenye klabu. Kampuni kama hiyo haiisikii hata kidogo, na naona Bunge lilikosea kuweka neno “ndogo” pale ambapo lingeweka “kubwa”.

Lakini kuna mtu wa tatu ambaye hukumtaja katika maswali yako: mkopeshaji. Yeye ndiye aliyelipia tangazo, na yuko karibu. Tangu kanuni za 2022, mkopeshaji wa kidijitali anahitaji leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya benki hiyo. Itafute. Kama hayumo, una jambo zito la kuwaambia Benki Kuu. Kama yumo, muandikie barua kama ile ya saluni, umuulize alikuwa na idhini gani ya kutangaza na jina lako, na umtake afute kila alicho nacho kukuhusu. Sekta hii imeshaadhibiwa kwa jinsi inavyotumia data za watu. Mwaka 2023 Whitepath ilitozwa milioni 5, na Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu ilizozipata kwa wengine ili kutuma jumbe za vitisho. Unaona basi kwa nini jina lako kukaa juu ya tangazo la aina hiyo si jambo la kucheka.

Kwenye simu yako, jambo la kwanza ni kuacha kuulaiki ukurasa ule. Hilo tu linakata mzizi wa tangazo lile. Halafu fungua mipangilio ya Facebook, nenda sehemu ya mapendeleo ya matangazo, tafuta kipengele kinachouliza nani anaweza kuona mambo unayoyafanya kwenye mtandao yakiambatana na matangazo. Weka “mimi peke yangu”. Dakika moja imekwisha. Kisha shuka kwenye orodha ya kurasa zote ulizowahi kuzilaiki. Watu hushtuka hapo: maduka ya nguo yaliyofungwa, kampuni za kamari, wanasiasa wa uchaguzi uliopita. Kila moja ya laiki hizo ni jina lako limekaa linangoja mwenye pesa. Ondoa usizozitambua.

Wasomaji wengine huniuliza jambo lililo jirani na lako, kwa hivyo naligusa. Unaongea na jirani kuhusu cherehani, jioni unaona tangazo la cherehani, unasema simu inakusikiliza. Kampuni haina haja ya kukusikiliza. Fungua tangazo lolote la Facebook, gusa zile nukta tatu pembeni, uchague kuelezwa kwa nini unaliona. Nilimfanyia hivyo mteja wangu mmoja kwa tangazo la ploti za Kitengela. Skrini ikasema: yuko Nairobi, ana umri wa kati ya miaka kadhaa na kadhaa, na mwenye tangazo alikuwa na orodha iliyo na namba yake. Akabaki kuniangalia. Namba yake waliitoa wapi?

Waliipata tunakoiachia sisi wote. Kitabu cha wageni pale mapokezi ya jengo la afisi, ambapo askari anakutaka uandike jina, kitambulisho na simu. Intaneti ya bure ya duka kubwa. Fomu ya bahati nasibu. Mwenye orodha anaipakia Facebook, namba zinageuzwa kwa hesabu kuwa msururu wa herufi na tarakimu ambao hausomeki, na Facebook inafanya vivyo hivyo kwa namba ulizojisajilia nazo. Kwa kuwa namba moja hutoa msururu uleule siku zote, misururu ikilingana wamekupata, bila mtu yeyote kulisoma jina lako. Halafu mfumo unaweza kuombwa utafute watu wengine wanaofanana na walio kwenye orodha: wanaokaa kama wewe, wanaogusa unavyogusa. Orodha ya watu mia moja tu inatosha kuanzia. Jirani yako wa cherehani alitafuta cherehani mtandaoni, mnakaa mtaa mmoja, ni marafiki. Hiyo inatosha.

Sheria yetu imeliona hili pia. Kanuni za 2021 zinahesabu kuwa matumizi ya kibiashara pale unapoonyeshwa tangazo kwenye mtandao ambao umeingia kwa data zako, kwa kufuata tovuti ulizotembelea. Zinataka uwe umejulishwa, umekubali, na umepewa njia rahisi ya kukataa. Na haki ya kukataa kutafutwa kwa matangazo ni haki kamili: ukisema sitaki, hawana hoja ya kukujibu kwamba biashara yao inahitaji. Wanapaswa kuacha. Kwa hivyo ukipokea ujumbe wa mtu usiyemjua, muulize, “Namba yangu uliipata wapi?”, na umwambie aache. Na ukifika kwenye kile kitabu cha mapokezi, una haki ya kumuuliza askari kinahifadhiwa na nani. Mara nyingi hajui, maskini, lakini meneja wake anapaswa kujua.

Neno moja kuhusu watoto, maana umesema una wawili. Kama picha yako ya wasifu mmekaa nao, jua kwamba picha ya wasifu ndiyo inayoambatana na jina lako popote linapotumiwa. Weka ya peke yako. Na shule ikikuletea fomu ya kuruhusu picha, usitie sahihi kwa haraka. Data ya mtoto, kwa kifungu cha 33, inahitaji idhini ya mzazi au mlezi na itumiwe kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Kata mstari unaosema “kwa matangazo” kama hukubali, uweke sahihi yako pembeni. Fomu inabaki halali kwa mengine.

Kuhusu chama, usingoje minong'ono ikue. Kwenye mkutano ujao omba dakika tano kabla ya kusoma hesabu. Fungua simu mbele yao, waonyeshe ile sehemu ya matangazo, waonyeshe jinsi laiki moja inavyogeuka kuwa tangazo. Kisha kila mmoja afungue yake. Nina hakika zaidi ya mmoja atajikuta anatangaza kitu asichokijua, na yule aliyekuuliza unalipwa ngapi atakuwa wa kwanza kunyamaza. Mkubaliane pia kwamba picha za mikutano ya chama haziwekwi mtandaoni mpaka waliomo wakubali, kwa sababu kuna wenzenu ambao waume zao au waajiri wao hawajui kwamba wamo chamani, na hiyo ni siri yao.

Na msusi wako akisema yuko tayari kukulipa kwa kukusuka bure ili aendelee kutumia video, hakuna ubaya ukitaka. Ila muandike kwenye karatasi: video ipi, kwenye ukurasa gani, kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, utasukwa mara ngapi, na kwamba ukibadili nia ataiondoa ndani ya siku mtakazokubaliana. Nyote wawili mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala yake.